Pampu kwa Mkono Mmoja

Kabla hata sijafunguliwa mlango wa gari, niliwaona watoto wa mtaani kwetu Izia wamepangwa mstari uani kwetu, kimya kama wanaomsubiri Padri. Mbele yao kulikuwa na gunia la mahindi. Mwanangu Leonia alikuwa kashika kiuno.

"Si mnamwona? Sasa subirini."

Nikajua leo kazi ninayo.

Huko mwezini, kituoni, nilikuwa fundi wa pampu za maji. Unaishi chini ya udongo kama fuko, na uzito wako unabaki moja ya sita tu ya huu wa hapa. Jumapili tuliruhusiwa kuongea na nyumbani kwa video. Sasa mtoto mdogo vile, uliyemwachia bibi yake, utamwambia nini? Siku moja nikanyanyua pampu mbovu, ambayo huku Sumbawanga wangeitana wanaume wanne kuibeba, nikaishika juu kwa mkono mmoja. Leonia alipiga kelele mpaka mama yangu akaja mbio akidhani nyoka. Tangu hapo ikawa, "Mama, beba kitu!" Nami nabeba. Nilimbeba hata Mboje, mwenzangu wa zamu, mtu wa miraba minne, naye huyo begani anapunga mkono. Tulicheka wee!

"Ukirudi utanibeba na mimi?"

"Wewe? Kwa kidole."

Mashine ya mazoezi ilikuwapo. Unajifunga mikanda, unakimbia, ili mifupa isisahau kazi yake. Nilikimbia kila siku, Mungu ananiona. Ikasahau tu. Daktari aliyetupokea alitazama picha za mifupa yangu, akaniuliza umri, akatazama tena. Akasema mgongo huu ni wa bibi kizee, nisinyanyue hata ndoo.

Basi nilishuka garini nimeshikilia mlango. Mama alikuwa barazani. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama tulivyolelewa Ufipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Asnath wangu."

Nikabaki chini. Magoti yamegoma. Mama akadhani ni heshima imenizidi, akaanza kulia kwa furaha, majirani wakapiga vigelegele, na mimi niko palepale najiuliza nitainukaje.

Leonia akanisogelea. Alinitazama usoni, kisha akaninong'oneza ili wenzake wasisikie: "Gunia acha, Mama. Nibebe mimi tu."

Alishaona. Mtoto mdogo vile alishaona kwamba siwezi, akanipunguzia mzigo ili nisiaibike. Ningefanyaje? Nikamkumbatia, nikasukuma miguu, nikainuka naye. Alicheka sikioni mwangu. Halafu kitu mgongoni kikalia kama ukuni mkavu, tukaenda chini wote wawili. Watoto wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Miguu haikurudi tena. Ulezi umelimwa na kuvunwa miaka mingapi sijui. Mimi nausikia tu ukipurwa huko nje. Mama alipofariki, jeneza lilipita dirishani kwangu, sikuweza hata kuketi. Mboje alikuwa anapiga simu, akaacha. Simlaumu, tungeongea nini? Leonia yuko sekondari sasa. Yeye ndiye ananiogesha na kunigeuza. Asubuhi nyingi nikifumbua macho nachukia kwamba nimeamka. Hilo simwambii, ila nadhani analijua.

Juzi ilikuwa siku ya kubadilisha shuka. Kwa kawaida humwita jirani yetu Luciana, wakanishika huku na huku. Luciana alikuwa shambani. Leonia akasimama kidogo, akakunja mikono ya sweta, akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wangu na mwingine chini ya magoti. Akaninyanyua. Alishtuka mwenyewe.

"He! Mama, umekuwa mwepesi."

Akaniegemeza begani, akanishika kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akavuta shuka.