Mbegu Iliyopona

Siku tisa maziwa yangu yalikataa kuganda. Siku ya kumi nilimwambia Jemima afunge begi lake, kesho yake arudi Beni.

Nilisema bila kumtazama. Mimi Kyakimwa, ninayejulikana soko zima hapa Butembo kwa maziwa ya kuganda na kwa mdomo mkali, siku hiyo niliongea na ndoo. Jemima ni mtoto wa dada yangu. Dada alikufa miaka ile ya Ebola. Jemima naye aliugua, akapona, na wakati wengine wanaogopa hata kusogea, yeye ndiye aliyebeba watoto wachanga wa wagonjwa, maana mwili wake ulikwisha kuujua ugonjwa. Mtoto kama huyo ndiye niliyekuwa namfukuza.

Kisa? Alianza kazi kwangu mwezi uleule maziwa yalipoharibika. Jirani yangu Anne-Marie ndiye aliyelitamka neno lenyewe. "Mikono ya mutu mwenye aliponaka, maziwa inaikataa," alininong'oneza. Nilimkemea. Lakini neno lilibaki tumboni, na kila asubuhi nilipofunua blanketi nikakuta kimaji cheupe, lilipanda kidogo.

Kazi yenyewe si ngumu. Maziwa yanatoka Kipese, nayachemsha, yakipoa hadi kidole kivumilie natia kikombe cha maziwa ya jana. Hiyo ndiyo mbegu, niliyorithi kwa mama. Nafunika kwa blanketi, kesho yameganda. Yalipoanza kushindwa nikatia vikombe viwili vya jana, kisha vitatu, kisha vinne. Mimi si mtu wa kukata tamaa, hata ujinga naufanya kwa bidii.

Ijumaa hiyo mteja wangu Étienne, mwalimu wa biolojia aliyeletwa huku kutoka Kananga, alikosa chupa yake. Akaomba kile kimaji akakipime shuleni. Nikampa, kilikuwa na faida gani tena?

Jumamosi asubuhi begi la Jemima lilikuwa mlangoni. Hakulia. Aliomba tu amalize kupelekea nguruwe ndoo ya mwisho ya maziwa yaliyoharibika, ile iliyosahauliwa nyuma ya jiko tangu Jumanne. Nikasikia ndoo inawekwa chini.

"Mama mudogo! Kuya uone. Hii imeganda."

Yaliganda kweli, kijiko kilisimama. Yalikuwa makali kidogo, lakini harufu ilikuwa ya nyumba ya mama yangu. Nililamba kijiko mara mbili.

Tukiwa bado tumeinamia ndoo, Étienne akaingia anahema. "Mama Kyakimwa, nimepata. Iko virus!"

Lo! Nilitupa kijiko nikakimbilia javel, dawa ya kuua vijidudu. Mjini kwetu neno hilo halirushwi hivi hivi asubuhi. Jemima alikaa chini na kuficha mikono nyuma ya mgongo.

"Non, non! Haiko ya batu!" Étienne alipiga kelele. "Inakulaka bakteria tu, ile yenye inagandishaka maziwa. Ata ukikunywa, hapana kukufanya kitu."

Alikuwa amechuja kimaji changu kwa kichujio ambacho bakteria hawapiti, akaweka tone katika maziwa yenye mbegu nzima ya mtindi wa dukani, na hayakuganda. Tone alilolichemsha sana halikudhuru kitu. Kisha akaniuliza natia mbegu gani. Nikajibu, vikombe vinne vya jana. Akafumba macho.

"Mama, kila siku ulikuwa unapanda virus mu ndoo, weye mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku tisa nilichunguza mikono ya mtoto wa dada yangu, na kikombe kilikuwa mkononi mwangu.

"Na hii, mbona imeganda?" Jemima aliuliza.

"Kuko bakteria kidogo yenye iliponaka. Njia ya kupona ni mingi, lakini moja njo hii: bakteria inakata kipande ya virus, inakiweka ndani ya jeni zake, ile maandiko ya mwili wake. Virus ikirudia, inaijua, inaikatakata. Na batoto yake banazaliwa banaijua."

Jemima aliitoa mikono nyuma ya mgongo, akaivuta ndoo karibu. "Kumbe yenye iliponaka, njo inafaa kuwa mbegu?"

"Njo hiyo."

Niliinama nikaokota kijiko nilichokitupa.

Tulijaribu papo hapo. Tuliosha kila chombo kwa javel, tukachemsha chungu cha maziwa mapya, yakapoa, tukatia kijiko kimoja kutoka ndoo ya nguruwe. Étienne akadondosha humo kimaji kibaya, makusudi! Nusura nimpige. Kisha tukafunika, tukangoja.

Jumapili saa kumi alfajiri nilifunua blanketi, nikainamisha chungu. Maziwa hayakutikisika. Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikajisikia mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa mwaka huu. Nikamwambia Jemima wazi kwamba nilimkosea, kisha nikalirudisha begi lake ndani mwenyewe.

Anne-Marie hakukawia. Alikuja kuuliza kama msichana amekwisha kwenda.

"Aende wapi?" nilimjibu. "Njo yeye tu atagusaka mbegu yangu." Nikanyoosha mkono kwenye chungu nimwonyeshe.

Jemima akanishika kiganja kwa upole.

"Mama mudogo, nawa mikono kwanza."

Nikanawa.