Lenzi Ndefu Isije

Ijumaa saa tisa alasiri mpiga picha alitandika shuka jeupe kitandani, akaanza kupanga vifaa vya harusi ya kesho. Alivipanga kwa mfuatano wa harusi yenyewe, kuanzia kwenye mto kushuka hadi miguuni: kwanza vya chumba cha kumvalisha bibi harusi, kisha vya ofisi ya msajili, mwisho vya ukumbini. Kamera mbili, kwa sababu moja ikifa harusi hairudiwi. Flashi mbili na betri kumi na mbili. Kadi za kuhifadhia picha, stendi ya miguu mitatu, kitambaa laini cha kufutia vioo, na sindano yenye uzi mweupe, maana hakuna gauni lisiloachia mahali. Na lenzi tatu.

Lenzi fupi ilikuwa ya vyumba vidogo, ya kati ilikuwa ya makundi ya ndugu. Ndefu ilikuwa ya nyuso, na haikumtoa mtu anayefunga ndoa shingo upande. Gauni lilitoka, maua yalitoka yameshikwa hewani, ila mwenyewe hakuwemo. Fundi wa kamera aliwahi kuifungua, akaisafisha, akasema haina ubovu wowote.

Mji mzima ulijua. Mara mbili kamera yenye picha ya namna hiyo ilipita mkono kwa mkono chumbani kwa bibi harusi, na ndoa ikaishia mlangoni, wageni wakala chakula wakaenda zao. Baada ya hapo watu wazima walikaa kikao wakatafuta dawa. Dawa haikuwa kuwauliza mabinti. Ilikuwa mstari mmoja kwenye fomu ya mpiga picha, chini ya tarehe na idadi ya wageni: Lenzi ndefu, ije au isije. Wateja wengi walikata "ije", wakaacha "isije". Mwalimu mkuu mmoja alikata mara mbili ili aeleweke.

Harusi ya kesho ilikuwa ya binti wa mpiga picha mwenyewe, kitindamimba. Alikuwa anaolewa na mtoto wa mwenye ukumbi, kijana mpole asiye na neno na mtu, na baba zao walishapeana mikono. Miezi mitatu nyuma, akiwa anafuta vumbi kwenye kamera, binti alisema, "Baba, mimi simtaki." Mpiga picha akajibu, "Utazoea, mwanangu," kisha akamwomba bisibisi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Fomu aliijaza binti, kama alivyowajazia wateja wote. Kwenye ule mstari alikata "isije".

Kufunga begi kulikuwa na utaratibu wake. Mmoja anaita, mwingine anaitika na kuingiza, na zipu ikishafungwa haifunguliwi hadi harusini. Waliuweka utaratibu huo tangu siku walipofungua begi njiani ili kuhakikisha, na chaja ikabaki kwenye kiti cha teksi. Binti alikuwa mwitaji tangu ana miaka minane. Hata leo, nywele zikiwa zimeshasukwa kwa ajili ya kesho, aliketi ukingoni mwa kitanda akaita.

"Kamera?"

"Zipo."

"Betri?"

"Kumi na mbili."

"Lenzi fupi?"

"Ipo."

"Ya kati?"

"Ipo."

"Ndefu?"

Mpiga picha alikuwa anafuta kioo ambacho tayari kilikuwa kisafi.

"Ndefu, Baba?"

"Ipo," alisema, akaiingiza.

Binti alifunga zipu mwenyewe. Jioni ile, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, alimaliza sahani yake, akamtania baba yake asije kesho akamkata kichwa kwenye picha kama alivyomkata yule meneja wa benki. Baba alicheka.

Binti alipokwenda kuoga, mke wa mpiga picha aliingia chumbani akafunga mlango.

"Itoe," alisema.

"Nimeshaitikia."

"Nimekusikia. Itoe. Watu mia tatu, mume wangu! Uso wako utauweka wapi?"

"Lakini kwenye fomu ameacha ije."

"Huyo mtoto. Mimi mbona nimeishi?"

Mpiga picha alitazama ukutani. Picha ya harusi yao ilipigwa na mzee aliyemfundisha kazi, kwa lenzi hiyohiyo. Yeye ni kijana, amenyooka ndani ya suti ya kuazima, amekumbatia kwapani mkono wa gauni ambao ndani yake hamna mtu. Watoto walipokuwa wadogo waliuliza, wakaambiwa mama alikuwa hajafika bado, nao wakaridhika. Kwa miaka thelathini na moja picha hiyo ilifutwa vumbi kila wiki, na aliyeifuta ni mkewe.

"Ulifika lini?" alimuuliza. Hakuwahi kumuuliza.

Mkewe alifikiri kwa muda, kama mtu aliyeulizwa ufunguo kauweka wapi.

"Nilizoea," alisema. "Itoe kabla hajamaliza kuoga."

Alifungua zipu. Akaitoa lenzi, akaivisha soksi, akaiweka juu ya kabati.

Asubuhi chumba cha kuvalia kilijaa mashangazi. Mpiga picha aliingia, akatua begi mlangoni ili asalimie. Binti, aliyekwisha vaa gauni na taji, alilifuata kwa mazoea amsogezee karibu na dirisha, kama alivyofanya katika harusi za wenzake wote. Akalinyanyua, akapiga hatua mbili, akasimama. Begi hilo alilibeba tangu utotoni.

"Baba," alisema, "begi jepesi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Siyo jepesi, ni wewe una nguvu za harusi!" shangazi mmoja alidakia, na chumba kizima kikacheka.

Binti hakulia, maana wanja ulikuwa umeshapakwa. Aliliweka begi chini taratibu kwa sababu ya vioo, akalifungua, akampa baba yake kamera yenye lenzi ya kati. Kisha akaenda dirishani penye mwanga, akageuza bega, akainua kidevu kidogo, akatabasamu, vile alivyokuwa akiwaelekeza mabibi harusi wengine.

"Piga, Baba. Watu wanasubiri."

Akapiga. Siku ile alipiga picha mia sita na kumi na mbili, na hakuna iliyoharibika. Binti alionekana kwenye zote: mbele ya msajili, kwenye keki, akicheza na baba mkwe wake. Wiki iliyofuata mwenye ukumbi alimwambia achague moja aikuze. Mpiga picha alikaa nazo siku mbili, akitafuta japo moja ambayo binti yake hakutabasamu, ili walau ajue pa kuanzia kumwomba radhi.

Hakuipata. Akakuza ile ya dirishani.