Amplifaya Iliyovikwa Nguo

Enzi za ruksa zilipoingia na vitu vya Dubai vikaanza kumwagika madukani Arusha, kwaya ya kanisa moja la Kilutheri huko Nkoaranga, mlimani, ilinunua amplifaya. Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Elieza, mpigaji wa gitaa la besi, mkulima wa kahawa mwenye vidole vinene na moyo laini. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu kwa lolote, lakini besi ikinguruma hata madirisha ya kanisa yalimwitikia.

Tatizo, amplifaya ilikuwa na deko. Wimbo wa kwanza inanguruma, wa pili inakohoa, wa tatu kimya, Elieza anabaki kukwaruza nyuzi kama mwenye upele. Baadaye inarudi yenyewe, wala haina habari.

"Jumapili ya mavuno ikizima tena, tunaiuza," alisema Mama Elizabeth, mwenyekiti wa kwaya. "Tutanunua kinanda. Nasikia kinapiga na besi humohumo."

Elieza alipiga hesabu. Kinanda kikija, yeye atarudishwa kwenye kuimba, na mara ya mwisho alipoimba mchungaji alimuuliza kama anaumwa.

Akaipeleka amplifaya mjini, Ngarenaro, kwa fundi redio Khalfani. Khalfani alibadilisha fyuzi, akachomea upya waya, akapuliza vumbi, kisha akaiwasha. Ikapiga mchana kutwa bila kukata. Wauza mitumba wa jirani wakaacha biashara wakacheza.

"Hii nzima kabisa, kaka," alisema Khalfani. "Ubovu uko kwenye umeme wenu wa mlimani. Unapata baridi njiani."

Elieza hakuelewa umeme unapataje baridi, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akashukuru, akapanda nayo mlimani.

Jumamosi kabla ya mazoezi, Mama Elizabeth aliivisha amplifaya nguo yake kama kawaida: mahameli ndani, na juu yake kitambaa cha sufu nene alichokifuma kwa mkono wake, chenye maneno "Karibuni Wageni". Kwao redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata chupa ya chai ina kitambaa. Kitu cha thamani kikiachwa wazi, watu watasema nyumba haina mwanamke.

Wimbo wa tatu, kimya. Akina mama wakainamisha vichwa kuiombea. Elieza akapenyeza mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka. Amplifaya ilikuwa ya moto kama kikaango cha chapati. Ndipo akakumbuka kwamba kule Ngarenaro ilipiga bila nguo. Maskini ilikuwa inazidiwa na joto, inajizima ipoe.

Furaha ikampanda, ikashuka hapohapo. Nani wa kumwambia Mama Elizabeth?

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Hiki kitambaa kizuri mno kukaa kule nyuma ukutani. Kesho tukiweke watu wakione."

"Na amplifaya ikae uchi kanisani?"

"Siku moja tu, Mama. Itavumilia."

Mama Elizabeth alimtazama, kisha akatabasamu, na Elieza hakulipenda lile tabasamu.

Jumapili amplifaya ilikaa bila nguo hata moja, na wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Kabla ya wa pili, Mama Elizabeth alikuja mbele na vigelegele, akamvisha Elieza kitambaa mabegani, akakifunga shingoni kwa heshima zote kama anayemtuza bwana harusi. Hapo kila mtu alikiona.

Mabati yalikuwa yanachemka. Wimbo wa pili Elieza alilowa. Wa tatu macho yakaingia ukungu, lakini besi ilinguruma na moyo wake ukanguruma nayo. Wa nne, maboga ya mavuno pale madhabahuni yakaanza kumwinamia. Akaona adabu kuyainamia na yeye, akaangukia mkungu wa ndizi. Nyuma yake amplifaya iliendelea kuvuma.

Alipozinduka, Mama Elizabeth alikuwa anahangaika na fundo shingoni.

"Mvueni hiki kitu, joto linamuua," alisema. Halafu mikono ikasimama. Akakitazama kitambaa, akaitazama amplifaya iliyokuwa wazi, akakitazama tena kitambaa.

"Elieza. Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukaona heri uzimie wewe kuliko kuniambia?"

"Ndiyo, Mama."

Alikikunja kitambaa taratibu, akakitia kikapuni, akawageukia wanakwaya.

"Amplifaya haiuzwi," alisema. "Na nisimwone mtu anaifunika."