Baba Mkwe Aliyeacha Kukohoa

Kule Makwale, wilayani Kyela, mwanamume anayeishi kaya moja na mkamwana wake hujifunza kukohoa. Hakohoi kwa ugonjwa, hukohoa kwa heshima. Akitaka kutoka nje anakohoa kwanza, na mkamwana aliye uani anapata nafasi ya kujitenga nyuma ya migomba, maana mila ya Wanyakyusa haitaki wawili hao waonane uso wala wasemezane. Kanisa lilikuja, shule ikaja, na miaka hiyo ya tisini biashara huria nayo ikaja na pikapu za wanunuzi wa kakao, lakini mzee Anyelwisye alikuwa bado anakohoa.

Mkamwana wake aliitwa Tusekile. Kwa miaka kumi na mmoja mzee alikuwa ameuona mgongo wake tu, na mara moja kisigino. Tuntufye, mume wa Tusekile na mwana pekee wa mzee, alikuwa akivuka mpaka wa Kasumulu kupeleka mchele Karonga, Malawi, na kila safari ilikawia kuliko iliyopita. Mungu hakuwa amewajalia mtoto, na mtoto ndiye angekuwa daraja la kupitisha maneno. Mke wa mzee alipofariki, pakabaki watu wawili wasioweza kusemezana. Tusekile akawa anaweka chakula kwenye kigoda mlangoni, anagonga sahani kwa kijiko, anaondoka. Mzee anakohoa mara mbili: nimepokea, ndaga, yaani asante. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kutwa nzima, na usidhani ni kidogo. Kwa mpweke hata mlio wa kijiko ni habari.

Basi ugonjwa nao ukajua pa kumpiga. Ulianza chooni: akijikamua, nyama ya ndani ikawa inatoka nje kwa njia ya haja kubwa, nyekundu, ukubwa wa yai. Akawa anairudisha kwa kitambaa chenye maji na kunyamaza. Mwanamume wa miaka sabini na minane, mzee wa kanisa, amwambie nani? Mkewe angemwambia, na mkewe hayupo. Mwaka ukapita. Nyama haikungoja choo tena. Ikawa inatoka akichuchumaa, kisha akikaa, na mwisho ikawa inatoka akikohoa.

Hapo akapiga hesabu zake za kizee. Asiyekula haendi chooni, kwa hiyo akaanza kurudisha sahani zimejaa. Na kikohozi kama kinamtoa matumbo, basi hakohoi. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakuwa na mkamwana mlangoni.

Tusekile ndiye aliyekuwa akiokota sahani hizo. Wali umerudi, ule wa Kyela unaonukia mpaka kwa jirani. Ndizi zimerudi. Usipa, dagaa wa ziwani, wamerudi na macho yao. Anagonga kijiko, kimya. Akaona amekosa, asijue alichokosa. Halafu asubuhi moja, akiwa ananawa uani na khanga moja tu kifuani, baba mkwe akatokeza mbele yake bila hata kusafisha koo. Tusekile akapiga kelele. Mzee akageukia ukuta, lakini maji yalikwisha kumwagika. Kabla ya jua kupanda sana, Tusekile alikuwa njiani kwenda kwao Bujonde.

Baba yake, mzee Asajile, alikuja kuzungumza. Alikaribishwa, hakukaa.

"Mzee mwenzangu, sikuja kugombana," alisema. "Lakini baba mkwe anaacha kukohoa, na kaya ina mwanamke mmoja ambaye mumewe yuko safarini. Wewe mwenyewe ungemfikiriaje mtu huyo?"

Anyelwisye alielewa anachotuhumiwa. Sentensi moja tu ingemsafisha. Aliitafuta, akaipata, akaliona na lile neno la aibu lililokaa katikati yake, akashindwa kulitamka.

"Nimesikia," alisema.

Asajile akachukulia kwamba amekiri. Ndiyo heshima hiyo, ikizidi inageuka ujinga: mtu anakubali kuitwa mwovu kuliko kuitwa mgonjwa.

Wiki tatu alikaa peke yake. Akipika uji kidogo, akinywa amesimama, akilala saa ambazo hata kuku hawajalala. Kilichomuuma zaidi ya ugonjwa ni ule ukimya wa mlangoni. Siku nyama ilipotoka ikagoma kurudi, alijifunga kitambaa kibichi, akaomba lifti kwenye pikapu ya mnunuzi wa kakao, akasimama nyuma njia nzima mpaka hospitali, Kyela mjini.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono mitulivu. Aliinyunyizia ile nyama sukari, hii hii ya chai, akaeleza kwamba inanyonya maji ya uvimbe. Kweli, baada ya muda ikanywea na kurudi ndani.

"Hii ni puru, mwisho wa utumbo, imetoka nje, mzee," alisema. "Wazee wengi wanayo, na wote wananyamaza kama wewe. Mwenye nguvu ningempasua tumbo. Wewe kifua chako hakitastahimili dawa ya usingizi, kwa hiyo nitapita huko huko chini. Nakuchoma ganzi ya mgongo, unakuwa macho. Ngozi ya ndani iliyolegea naitoa, msuli naukunja kama pindo la suruali, nashona. Siku ya tano unakwenda kwako."

"Na kukohoa?"

"Utakohoa upendavyo. Ila nani wa kukuuguza? Ukirudi huko ukabeba ndoo au ukajikamua, kazi yangu yote imepotea. Bila mtu sikufanyii."

"Mkamwana wangu," alisema mzee haraka. "Yupo nyumbani."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu abatizwe, au angalau wa kwanza anaoukumbuka.

Walimlaza chali, miguu juu. Kuanzia kitovu kushuka chini hakujisikia. Alisikia mkasi, alisikia daktari akiomba uzi, na nesi Maria alimshika mkono muda wote. Machozi yakamtoka. Nesi akauliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Hakuwa ameshikwa na mtu tangu amzike mkewe, na hilo hakujua namna ya kumwambia nesi.

Siku ya tano Maria alimpa maagizo ya kumpelekea mkamwana: papai, mboga za majani, maji mengi, asibebe kitu kizito. Getini waendesha baiskeli za abiria wakamgombea, "Panda, mzee!" Akawashukuru, akashika fimbo, akatembea pole pole kuelekea Bujonde.

Asajile alimpa kiti kwa sababu hakuna mtu anayemnyima mgeni kiti. Anyelwisye akakaa. Kisha akasema yote, kwa Kiswahili, maana kwa Kinyakyusa asingeyamaliza. Alisema puru. Alisema inatoka wapi, na inatoka mtu akifanya nini. Nyuma ya pazia palikuwa na mtu anapepeta mchele, na ungo ulinyamaza.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Tusekile, na hakuwahi kuisikia ikimsemesha. "Na chakula?"

"Niliogopa choo, mwanangu. Mapishi yako hayakuwa na kosa."

Ungo ukawekwa chini.

"Nilimwandikia Tuntufye lile nililolidhani," sauti ikasema. "Amejibu. Nimfuate Karonga Jumamosi, tuhamie huko. Na amesema yeye hana baba."

Asajile alitazama sakafu. Anyelwisye alishika fimbo kwa mikono miwili. Neno moja alilolificha mwezi mzima lilikuwa limemgharimu mwanawe wa pekee, na hakuna daktari wa kulirudisha hilo ndani.

Pazia likafunguka. Tusekile akatoka, akasimama mbele yake, uso wazi. Baba yake akainuka kumzuia.

"Niache, baba," alisema. "Kama niliweza kumdhania lile, kumtazama ni dogo."

Mzee aligeuka pembeni kwa mazoea. Halafu akatazama. Miaka yote alikuwa na bibi harusi kichwani, msichana wa miaka ishirini aliyesimuliwa na mkewe. Aliyesimama hapa alikuwa mwanamke mzima, mvi zimeanza pembeni, na kando ya mdomo ana ile mikunjo ya mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuongea naye. Anyelwisye aliifahamu mikunjo hiyo. Ukuta mmoja ulikuwa umewatenganisha, kila mmoja na upweke wake, na yeye alikuwa akidhani ni wake peke yake.

"Nitamwambia Tuntufye kwa mdomo wangu," alisema Tusekile.

"Ataamini?"

"Sijui, baba. Unamjua."

Alimmenyea papai, akakaa chini kumtazama akila. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi Tusekile alikuwa wa kwenda Karonga. Alipomaliza, mzee alinyanyuka, akasimama mlangoni, na akagundua hajui anamuagaje mtu ambaye ndiyo kwanza amemwona.