Sigara Ambayo Kagendo Hakuivuta

Kikohozi cha Kagendo kilianza Januari ya mwaka 2004, na kwa kuwa Texas nzima hukohoa mwezi huo kwa sababu ya chavua ya mierezi, hakuna aliyeshtuka. Daktari wa mtaani kwao Arlington alimpa dawa ya aleji. Ilipokwisha akampa ya pumu. Ya pumu ilipokwisha akamshauri apunguze mawazo. Kagendo mwenyewe alikuwa nesi katika wodi ya moyo huko Fort Worth, na mgonjwa wake yeyote angekohoa hivyo angempeleka kupigwa picha ya kifua siku hiyo hiyo. Lakini manesi ni viumbe wa ajabu. Huamini ugonjwa ni wa yule aliyelala kitandani, si wa yule aliyesimama kando.

Picha alipigwa baada ya kutema damu kwenye sinki la kazini. Ilikuwa kansa ya mapafu, na tayari ilikuwa imezitembelea mbavu bila kubisha hodi.

Tangu hapo kila aliyevaa koti jeupe alikuwa na swali moja. Alivuta sigara kwa muda gani? Hakuwahi kuvuta. Aliacha lini, basi? Hakuwahi kuanza. Mmoja alimtazama kwa upole mwingi, kama mtu anayemsubiri mtoto akubali kwamba ndiye aliyemaliza sukari.

Kanisani kwao, kwa Waafrika Mashariki wenzao, mambo yalikuwa mazuri zaidi, maana huko hawakuuliza. Walijua. Jerioth, mwenyekiti wa kina mama, alileta chapati na mchuzi wa kuku, na pamoja na mchuzi akaleta msamaha.

"Mungu anasamehe hata yale ya ujana, Mama Sheldon," alisema, akimshika mkono.

Kagendo aliuliza ni yapi hayo. Jerioth alishusha sauti, akasema yale ya Nairobi. Sasa, ujana wa Kagendo wa Nairobi ulipita katika bweni la manesi lililofungwa jua likiwa bado juu, chini ya matroni mwenye masikio ya popo. Kama kuna dhambi iliyowahi kuingia humo, basi iliingia kwa kuruka ukuta na haikupata wa kuifungulia dirisha. Alimshukuru Jerioth kwa chapati.

Haya yote angeyameza. Kilichomkwama kooni ni Elphas, mume wake, mtu wa maneno machache aliyefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Siku moja wakitoka kwenye kemo, ile dawa kali ya kansa, Kagendo akiwa na kitambaa kichwani na ndoo ya kutapikia mapajani, Elphas, aliyekuwa anaendesha, aliuliza bila kugeuza shingo:

"Hakuna kitu hujawahi kuniambia?"

"Iko," Kagendo akajibu. "Umepitisha exit."

Wakaenda kutoka barabara kuu kwa njia ya mbele kabisa. Ndoa ya miaka mingi, na mwanaume anamsaka sigara ndani ya mke wake kama afisa wa forodha.

Kemo ilimaliza nywele, hamu ya chakula na likizo yake ya ugonjwa. Uvimbe peke yake ndio haikuugusa. Hapo ndipo Moraa, aliyesoma naye unesi na ambaye sasa aliishi Alief, Houston, alipopiga simu. Alisema kwamba huko kuna madaktari wanaochunguza jeni za uvimbe wenyewe, hasa wa wanawake ambao hawajawahi kuvuta. Chumba kipo, akasema, na wakikataa kuja atawafuata yeye.

Basi wakaja. Kipande cha uvimbe kilichotolewa kilipelekwa maabara, na majibu yaliporudi waliitwa na daktari mwanamke, mfupi, mwenye viatu vya kukimbilia. Hakuuliza habari ya sigara. Kagendo alisubiri swali lile mpaka akakaribia kulitaja mwenyewe, kwa mazoea.

Daktari alieleza taratibu. Seli zote za mwili zina jeni zile zile, alisema, ila si zote zinazofanya kazi wakati mmoja. Nyingine huamshwa, nyingine huambiwa zinyamaze. Juu ya seli kuna kipokezi kinachopokea ujumbe wa kukua. Ujumbe ukiisha, kipokezi hutulia, na zile jeni za kukua hurudi kulala. Katika uvimbe wa Kagendo, jeni inayotengeneza kipokezi hicho ilikuwa na kosa dogo, kama herufi iliyokosewa. Kwa hiyo kipokezi kilikuwa kinapiga kelele "kua, kua" bila kutumwa na mtu, na kule ndani jeni zilizopaswa kulala zilikuwa macho. Ilikuwepo dawa mpya, kidonge, kinachoingia kwenye kipokezi hicho na kukifunga mdomo.

"Kosa lilitoka wapi?" Kagendo aliuliza.

"Hatujui."

Alikuwa mtu wa kwanza mwenye digrii kumwambia hivyo mwaka mzima, na Kagendo angemkumbatia.

"Kwa hivyo hakuna kitu nilifanya?"

"Hakuna kitu ulifanya."

Kagendo, ambaye hakuwa amelia hata siku ya damu, alilia hapo, kwa kelele, mpaka daktari akafunga mlango.  Walipofika kwenye gari Elphas aliweka ufunguo lakini hakuwasha.

"Nilikukosea," alisema.

"Sana," Kagendo akajibu, na akamruhusu amshike bega.

Kidonge kilianza kazi kwa kumharibu uso. Vipele vilijaa puani na mashavuni kama vya msichana wa kidato cha pili. Daktari alifurahi, akasema mara nyingi hiyo ni dalili njema. Kanisani walifurahi pia, kwa sababu zao. Jerioth alitangaza kwamba sumu ya tumbaku sasa inatoka. Kisha picha mpya zilionyesha uvimbe umesinyaa hata ukaonekana kama kovu, na Pasta Method, Mtanzania mpole aliyependa ushuhuda wenye toba ndani yake, akamwomba asimame mbele awaeleze vijana madhara ya kuvuta.

Kagendo alisimama.

"Nitasema ukweli," alianza, na kanisa likatulia kwa hamu. "Kitu cha pekee nimewahi kuvuta ni pumzi. Na sina mpango wa kuacha."

Akaketi. Pasta aliomba wimbo.

Alirudi wodini na akafanya kazi kama kawaida kwa muda mzuri. Katika mwaka wa pili wa kidonge doa lilionekana tena kwenye picha. Seli zimebadilisha herufi nyingine, daktari alisema, kidonge hakishiki tena. Kulikuwa na dawa ya majaribio, na nafasi ilipatikana. Elphas alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo Jerioth, ambaye hakuwahi kukosa pahali pa kuhitajika, akajitolea kumwendesha hadi Houston.

Walipokaribia mji wa Corsicana, njiani, Jerioth aliuliza hiyo herufi hukosewaje. Kagendo alimweleza kama alivyoelezwa. Jerioth alipunguza mwendo.

"Kwa hivyo inaweza kuwa mtu yeyote tu? Hata mimi?"

"Hata wewe, Jerioth."

Kagendo hakulisema kwa ubaya. Alimtazama yule mwanamke, na akaelewa kwamba ile sigara ya Nairobi ilikuwa imemlinda Jerioth muda wote huu: kama kansa ni ya wavutaji, asiyevuta hana la kuogopa. Jerioth hakuongea tena mpaka Houston. Katika safari zote za barabara ile, Kagendo hakuwahi kulala vizuri namna hiyo.