Mtoto Hajashiba

Usigeuze uso. Picha unayo ukutani, kwenye kalenda: mwanamke wa Kitamil katikati ya michai, kamba ya kikapu kichwani, anatabasamu kwa kuwa mpiga picha alimwambia atabasamu. Umemtazama mwezi mzima. Uliwahi kujiuliza, hata siku moja, saa ile mtoto wake alikuwa na nani?

Alikuwa na Pushparani.

Na asubuhi hiyo ya Alhamisi Pushparani alikuwa amesimama nje ya dirisha la ofisi ya shamba la Glenarvie, ukungu ukimlowesha nywele, akimsikiliza karani Dorairaj akicheka.

"Barua ya uzoefu!" Dorairaj aliigeuzageuza fomu kama mtu anayekagua samaki wa juzi. "Uzoefu wa nini, Pushpa? Wa kufuta kamasi?"

"Chuo kinataka mkuu wa mahali pa kazi athibitishe, bwana. Miaka miwili ya kazi na familia. Mimi ninayo kumi na minne."

"Wewe ni yaya. Kwenye daftari langu umeandikwa kibarua, chini ya wachumaji, juu ya mpiga dawa. Ustawi wa jamii ni kazi ya watu waliosoma."

"Nimesoma, bwana. Shahada ninayo."

Alikuwa nayo kweli. Aliisomea kwa posta miaka tisa, kitabu gotini, kamba ya bembea ya mtoto ikiwa imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Sasa aliitaka ya uzamili, masomo ya Jumamosi na Jumapili mjini Kandy, maana bila karatasi hiyo hakuna anayeajiriwa kuwa afisa ustawi wa mashamba. Maafisa walikuwa wakiletwa kutoka mbali kwa gari. Waliwauliza akina mama maswali kwa lugha ambayo akina mama hawakuisema, wakajaza fomu zao, wakaondoka kabla mvua haijaanza. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho yake. Bahasha isipofika posta ya Hatton siku hiyohiyo kabla ya saa tisa mchana, basi. Na chuo kilikuwa kimetangaza kwamba huo ndio mwaka wa mwisho kupokea wenye shahada za posta.

"Nikikuandikia wewe," alisema Dorairaj akishusha dirisha, "kesho kila mchumaji atataka kuwa profesa. Nani atachuma?"

Kauli hiyo ina umri mkubwa kuliko Dorairaj. Nyanya yake Pushparani aliambiwa hivyohivyo alipoomba shule iongezewe darasa la sita. Mama yake aliambiwa hivyohivyo alipoomba mkunga. Mabwana wamebadilika rangi, wamebadilika lugha. Mwaka wa arobaini na nane waliwafutia uraia watu waliozaliwa kwenye milima hiyohiyo, kisha wakaurudisha kidogokidogo, kwa kinyongo, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Dirisha halikubadilika. Aliyeshusha husahau. Aliyeshushiwa ana hesabu yote kichwani.

Pushparani hakulia. Alikuwa na vichanga kumi na mmoja wa kulaza.

Nyumba ya watoto ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya barabara ya lori, chenye boriti ya mti wa mkaratusi, na kwenye boriti hiyo zilining'inia bembea za sari kuukuu. Kila mtoto alilala ndani ya sari ya mama yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa sheria ya Pushparani, kwa sababu pua ya mtoto hutulia kabla ya macho. Alifunga, akabembeza, akafunga, na bado chumba kizima kililia.

Saa nne kamili akina mama wakateremka kunyonyesha. Waliacha magunia ya majani kwenye mizani, wakanawa miguu mlangoni, wakabandua ruba kwa sabuni, wakaingia.

"Ala! Dada," akaita Letchumi, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, "mwanangu umemlaza kwenye sari ya Parvathi! Na wa Parvathi yuko kwangu. Unataka tubadilishane na waume pia?"

Walicheka, kisha wakamgeukia. Katika miaka kumi na minne Pushparani hakuwahi kukosea sari. Letchumi akaiona bahasha juu ya kabati, na fomu ikichungulia.

"Nini hiyo? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Pushparani, na kwa kuwa hakujua kusema uongo mbele ya watoto, akawaeleza yote, hadi kamasi.

Sellamma alikuwa ameketi pembeni akikanda magoti. Hakuwa na mtoto pale. Umri wa kustaafu ulishampita, naye alikuja saa hiyo kupumzisha miguu tu. "Dorairaj?" alisema. "Huyu niliyemtoa ruba puani akiwa hana suruali? Leo ndiye mpima uzoefu?"

Nje filimbi ya nyapara ililia. Muda umekwisha. Parvathi akaanza kufunga blauzi.

"Kaa," alisema Letchumi. "Mtoto wako hajashiba."

"Ameshiba, amelala kabisa."

"Parvathi. Hajashiba."

Wote wakatazama ukutani. Kanuni ilikuwa pale tangu enzi za Wazungu, kwa rangi nyeusi iliyopakwa upya kila miaka mitano na mafundi wasiojua kusoma: *Mama ataruhusiwa kunyonyesha mpaka mtoto ashibe.* Mzungu aliyeiandika labda alidhani mtoto wa kibarua hushiba upesi. Parvathi akafungua blauzi tena.

Filimbi ililia mara ya pili, mara ya tatu. Kisha ukungu ukapasuka na jua likatoka, jua kali la baada ya mvua, likaangukia magunia kwenye mizani. Jani la chai likipata joto ndani ya gunia hugeuka jekundu, na kiwanda hulikataa. Nyapara aliijua hesabu hiyo. Akaja mbio hadi mlangoni, na alichokikuta kilikuwa kikosi chake chote, wenye vichanga na wasio na vichanga walioteremka kuwafuata, wamejaa chumba hadi ngazini. Sellamma alikuwa amemkamata mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akila mkate wa roti, amemlaza mapajani.

"Bibi, na wewe?"

"Huyu naye hajashiba."

"Bibi, una miaka sitini na minne!"

"Ndiyo maana yanachelewa kutoka. Subiri."

Chumba kililipuka kwa kicheko hadi vichanga wawili wakaamka kweli na kuanza kunyonya kweli. Nyapara naye alibana midomo, mabega yakimtikisika, akaenda kumwita karani.

Dorairaj alifika akihema, mwavuli kwapani. "Huu ni mgomo!"

"Mgomo gani, kaka?" alisema Letchumi kwa upole. "Tunanyonyesha. Soma ukuta."

Akasoma. Dorairaj alikuwa mtu wa maandishi, na kilichoandikwa kilimshinda nguvu. Alitazama juu barabarani, ambako lori la kiwanda lilikuwa likinguruma bure. Akatazama jua. Kisha akaiona fomu mkononi mwa Letchumi, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakimfikia kidevuni, akatoa karatasi na kalamu. Mhuri wa shamba ulikuwa mfukoni mwake. Hakuwahi kuuacha popote.

"Haya. Niandike nini?"

Pushparani aliinama kumfunika mtoto aliyekuwa karibu.

"Andika," alisema Letchumi, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha, "kwamba nilipojifungua sikutaka kumwona mwanangu. Wiki tano. Mama mkwe alisema nina pepo. Dada alikuja kila jioni, akakaa, hakunihubiria. Kila siku alimsogeza mtoto shubiri moja karibu nami. Moja tu. Andika hivyo."

"Polepole," alisema Dorairaj. "Shubiri... moja."

"Mume wangu alipokuwa akinywa," alisema Parvathi, "dada alimwita hapa akampakata mtoto, akamwambia ambebe mpaka nirudi. Kutwa nzima. Kesho yake alikuja mwenyewe, hakuitwa."

"Bado anakunywa," alidokeza mtu.

"Anakunywa, lakini anabeba."

Walisema mmoja baada ya mwingine, na karani akaandika hadi ukurasa ukajaa, akaugeuza.

"Watoto wangapi kwa jumla?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Pushparani alishusha madaftari kumi na manne kutoka juu ya kabati: uzito, chanjo, nani alikula, nani alikataa kula na kwa nini. "Mia mbili na kumi na saba, bwana."

"Waliofariki?"

"Wawili. Sinthuja, na mtoto wa Rasamma aliyekuwa hajapewa jina. Waandike."

Akawaandika. Kisha akaupulizia mhuri pumzi ya moto, akaugandamiza kwa mikono miwili.

"Ukikubaliwa," alinong'ona, "usije ukasema nilikuzuia."

"Atasema," alisema Sellamma. "Akisahau, tutamkumbusha."

Watoto wote walishiba kwa pamoja, ghafla. Magunia yalipimwa mbio mbio, na Pushparani alipandishwa juu ya lori, kwani lilipita njia panda ya basi la Hatton. Alikaa juu ya majani yenye joto kama mkate, bahasha ndani ya blauzi. Alicheka peke yake hadi kona ya kwanza. Nyuma yake, wanawake walikuwa wameshaingia tena kati ya michai, na katika chumba kirefu Sellamma alikuwa amefunga kamba zote za bembea pamoja, akizivuta kwa mkono mmoja, na boriti nzima ikiitikia.

Bahasha iligongwa mhuri wa posta saa nane na dakika hamsini. Chuo bado hakijajibu.

Sasa wewe. Chini ya faili zako, mezani, pana fomu ya mtu anayesubiri neno lako moja. Unamjua ni nani. Itoe. Muulize alichofanya, uandike kama anavyokuambia, utie saini. Leo, kabla posta haijafungwa.