Nairobi ni Mbali

Bi Nuru alikata roho asubuhi, nyumbani kwake Kuze, Mombasa, na kabla macho yake hayajafumbwa vizuri kaka yake Athmani alikuwa amekwisha kuamua: maziko baada ya sala ya adhuhuri. Hangojwi mtu.

"Na Barke?" akauliza Mishi, mdogo wao. "Ndiye bintiye wa pekee. Dada ameusia aoshwe na yeye."

"Barke yuko Nairobi. Nairobi ni mbali, Mishi. Maiti hawekwi."

Mbali kwa nani? Mishi alikwisha kuzungumza na Barke kwa simu ya jirani. Binti ameomba ruhusa kazini na kupata nafasi kwenye ndege ya alasiri. Kwa basi ni usiku kucha, kweli, lakini kwa ndege hata saa nzima haitimii. Wapo watu wa Likoni ambao wangeingojea feri muda mrefu kuliko huo, na hao hakuna aliyesema wako mbali. Athmani alisikiliza yote hayo huku akipangusa miwani, kisha akasema sheria ni sheria.

Mishi akaenda kusaga karafuu maiti, machozi yakimtoka.

Haukupita muda jirani akaita tena. Safari hii ni Jamaldin, mtoto wa kiume wa marehemu, kutoka Dubai. Athmani alikwenda kumsikiliza, akarudi na sauti nyingine.

"Jamaldin yuwaja. Amepata ndege ya usiku. Tutazika kesho."

Mishi aliweka kinu chini. Dubai ni saa tano angani, tena si mpaka Mombasa, ni mpaka Nairobi, Nairobi ile ile iliyokuwa mbali. Jamaldin atashuka hapo ndipo apande ndege nyingine kuja pwani. Safari nzima ya Barke ni kipande tu cha mwisho cha safari ya kakake. Ghadhabu zikampanda Mishi hadi kitwani. Penye nia pana njia, kumbe. Au siku hizi masafa hupimwa kwa kumtazama msafiri, kama kavaa kanzu au buibui?

"Kaka, baina ya Nairobi na Dubai, ipi iliyo karibu?"

"Usiniletee hayo mbele ya watu. Yeye ndiye mwanamume, ndiye atakayeingia kaburini. Nyinyi mwosheni sasa, awe tayari."

"Simuoshi mpaka bintiye aje. Ukiwa na haraka, ingia umuoshe wewe."

Wanawake waliokuja kusaidia wakaweka kata zao chini, mmoja baada ya mwingine. Athmani akatoka nje.

Barke aliingia jua halijatua, begi begani, macho yamevimba. Pale mlangoni aliinama akambusu mjomba wake mkono.

"Ahsante, mjomba, kwa kuningoja. Mungu akulipe."

"Amin," akasema Athmani. "Wewe ni mtoto wetu."

Mishi alijua nyumba ina maiti na watu wanasikia. Lakini amin ile ilimchoma, na kuiacha ipite hakuweza.

"Usimshukuru, mwanangu. Alitaka kumzika mamako mchana, bila wewe. Yeye anamngoja Jamaldin."

Barke akauachilia mkono wa mjomba wake. Akavua saa, akakunja mikono ya nguo.

"Basi na amngoje," akasema, akaingia chumbani kwa mamake, akafunga mlango.